Pingamizi Langu la Kuvushwa Zulia

Nasiri Munyaneza,
Mwalimu Mstaafu wa Kemia,
Kinyinya, Kigali.
Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Kwa Bi Winifred Mukunde,
Mwenyekiti, Kamati ya Harusi ya Keza na Manzi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanangu Winifred,

KUH: KUKATAA KUHAMISHWA KUTOKA UPANDE WA BINTI KWENDA UPANDE WA KIJANA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mahema yako mawili. Naandika kwa karatasi kwa sababu kila ninapoeleza jambo kwenye lile kundi letu la simu, watu hunijibu kwa vikaragosi vinavyopiga makofi, nami sijawahi kujua kama wananikubali au wananifukuza.

Jambo lenyewe unalijua. Jumamosi hii familia ya Manzi inakuja kumposa mjukuu wangu Keza. Katika gusaba yetu, yaani sherehe ya posa, familia mbili hukaa zikitazamana, zulia likiwa katikati, kila upande na msemaji wake. Msemaji wa upande wa binti hujifanya hajui wageni wamefuata nini. Msemaji wa upande wa kijana husihi, husifu na kujibu mafumbo mpaka apewe mke. Mimi nimeteuliwa kusema upande wa binti, pamoja na Bwana Léonce, baba mdogo wa Keza. Nimejiandaa miezi mitatu. Nina mafumbo kumi na tisa.

Kisha Jumatatu, Valens, mjomba aliyekuwa amsemee Manzi, akateleza na pikipiki kwenye matope ya huku kwetu, akavunjika taya. Limefungwa kwa waya, hatasema kwa wiki sita. Namwombea apone. Lakini kabla hata waya haujapoa ukanipigia simu, ukasema, nami nakunukuu: "Mzee wangu, Manzi hana mtu mwingine. Baba hana, mama hana, ana bibi yake tu, na sauti ya bibi haifiki hata ukingo wa zulia. Wewe unavuka tu. Hatua nane."

Hatua nane! Mwanangu, hujui ulichoomba. Kemia inakikataa. Nitaeleza polepole, kama nilivyoeleza kwa miaka thelathini na minne, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kushika simu.

1. Kiungo maradufu hakigeuki. Chukua atomi mbili za kaboni. Zikishikana kwa kiungo kimoja, ni kama watu wawili walioshikana mkono mmoja: kila mmoja anaweza kuzunguka atakavyo, hata kucheza. Zikishikana kwa viungo viwili, tunapata kitu kiitwacho alkeni, nao ni watu walioshikana mikono yote miwili. Hapo hakuna kujipindua. Vilivyoning'inia kwenye kaboni hizo hubaki vilipowekwa. Makundi mawili makubwa yakiwekwa upande mmoja, yatakaa upande mmoja. Yakiwekwa pande zinazotazamana, yatatazamana. Atomi ni zile zile, lakini ni vitu viwili tofauti, kama vile chai na maziwa ya moto si kitu kimoja kwa sababu tu vimo kwenye kikombe cha aina moja.

Sasa, ndoa hii ndiyo kiungo maradufu, na mimi na Léonce ni makundi mawili makubwa mliyoyaweka upande mmoja. Ushahidi uko mbele yangu ninapoandika. Keza, ambaye kama unavyojua hutengeneza alkeni chuoni, ameniachia asubuhi hii kichupa cha stilbini, alkeni mojawapo, ile ya upande mmoja. Ni kimiminika kisicho na rangi. Ni kimiminika leo, kitakuwa kimiminika Jumamosi. Amekitia punje moja ya iodini, akakiweka dirishani, akasema, "Babu, usikiguse, nitakipitia." Sikuuliza sababu, nilikuwa natafuta kalamu.

2. Upande huamuliwa wakati wa kutengeneza, si siku ya karamu. Wakemia hawaombi alkeni ihame. Wanachagua njia tangu mwanzo. Ukitaka makundi makubwa yakae upande mmoja, unaanza na kaboni zilizoshikana mara tatu, kisha unaongeza haidrojeni juu ya madini ya paladi yaliyodhoofishwa makusudi kwa madini ya risasi ili yasizidishe kazi. Haidrojeni mbili hupanda pamoja kutoka upande ule ule, kama mama na mwana wanaoingia kwa mlango mmoja, nayo makundi makubwa husukumwa pamoja upande wa pili. Ukitaka yatazamane, unatumia sodiamu ndani ya amonia iliyo kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Iko pia njia ya fosforasi, inayounganisha vipande viwili. Fosforasi yenye papara kwa kawaida huleta upande mmoja, na iliyotulizwa huleta pande mbili. Papara upande mmoja, utulivu pande mbili: somo hilo peke yake lingefaa kuchapishwa kwenye kadi za mwaliko.

Sisi tulitengenezwa lini? Mwezi wa nne, Gisimenti, kwenye kikao chenu cha kwanza, baina ya mishikaki na Fanta. Uliinua uma ukasema, "Mzee Nasiri na Léonce, upande wa binti, imekwisha, tuendelee na keki." Hiyo ilikuwa fosforasi yenye papara. Kama kamati ilitaka nitazamane na Léonce, ingekuja Gisimenti na sodiamu yake na amonia yake, na mhudumu angetuelewa.

3. Mchanganyiko ni aibu. Katibu wako, Uwineza, amependekeza nikae juu ya zulia, katikati kabisa, niwasemee wote. Huyo ni binti mwema lakini hajawahi kusafisha mchanganyiko. Keza ametumia miezi minane ili katika kila sehemu mia za alkeni yake, tisini na saba ziwe za umbo analotaka. Nusu kwa nusu ni kitu ambacho hata mwanafunzi mvivu hukipata akiwa amelala. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa majaribio, jana nilipanga viti viwili sebuleni, nikauliza fumbo kwenye kiti cha kwanza na kukimbilia cha pili kulijibu. Kwenye fumbo la nne nilisahau ni familia ipi ninayoitania, nikajitukana mwenyewe, nikajibu kwa ukali, na goti la kushoto likakataa kuendelea na mjadala. Mke wangu aliingia akakuta nimekaa chini kati ya viti viwili. Alisema, "Harusi ni Jumamosi, Nasiri. Usiimalize leo."

4. Bwana Léonce. Nimesikia anadai kwamba nikiondoka, yeye ndiye mkubwa wa upande, kwa sababu ya mwili wake na wingi wa watoto wake. Katika alkeni ukubwa hautazamwi hivyo. Tunaangalia kwanza atomi iliyoshika kiungo, si tumbo linalofuata nyuma. Mama yake Keza ni binti yangu wa kumzaa. Léonce amefika kwa Keza kwa kuzungukia kwa kaka yake. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu za kamati.

Tena ujue kwamba Bwana Léonce aliongoza ndege kwa vibao kule uwanja wa ndege wa Kanombe kwa miaka ishirini na saba. Mpaka leo akisema neno "karibuni" mikono yake inaegesha ndege. Kwenye mazoezi ya Jumapili alinipiga kiwiko mara tatu, na miwani yangu ikatua ndani ya bakuli la isombe, kisamvu chetu. Vitabu vinaeleza hali hii vizuri: makundi makubwa yakiwekwa upande mmoja husukumana, na kitu kizima hukosa raha, yakitazamana, hutulia. Nalitaja hili kwa ajili ya uaminifu wa kitaaluma tu. Halikusaidii wewe hata kidogo.

Nilipomweleza Léonce haya, alisema mbele ya wote, "Mwalimu, wewe hugeuki hata ukiitwa na mtu aliye nyuma yako." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu kwa bahati mbaya ilikuwa sahihi kisayansi.

5. Dirisha. Manzi, kama unavyofahamu, ni fundi wa vioo, na nusu ya maghorofa yanayoota hapa Kinyinya yanamjua. Mwezi wa tatu alikuja na Keza kunisalimu, akatazama kidirisha changu cha zamani, akasema, "Babu, unasomea kaburini?" Wiki iliyofuata alirudi na kioo cha mita mbili, akabomoa, akajenga, akafagia, akanywa chai, akaenda. Sikumwomba. Tangu siku hiyo jua linaingia mezani kwangu tangu asubuhi, vitabu vyangu vinapauka migongo, na majirani wananiona nikila biskuti nilizokatazwa. Tena aliniita Babu kabla hatujaposwa! Mtu anayejibu kabla ya kuulizwa, nitamsemea nini?

Kwa hayo yote, naomba kamati itekeleze yafuatayo. Kwanza, viti vya upande wa binti vipigiliwe ardhini kwa vigingi vya hema, kuanzia changu. Pili, Valens apewe ubao na chaki ajibu mafumbo kwa maandishi. Nitasahihisha papo hapo, na hati mbaya itapunguziwa alama. Tatu, kama hayo hayawezekani, gusaba iahirishwe mpaka kamati ipate amonia ya kutosha kututengeneza upya sote, na mwenyekiti aahidi kwa maandishi kuilinda isipate joto.

Najua bibi yake Manzi, Bibi Nyirahabimana, atakaa peke yake mstari wa mbele, na nyuma yake viti sitini vya marafiki wa Manzi, mafundi watupu, wasiojua hata fumbo moja. Najua desturi inataka mzee asimame amwombee kijana, na kijana asiye na mzee wa kumsimamia huonekana kama aliyekuja kuazima ngazi. Nimelifikiria hilo zaidi ya ninavyopenda. Lakini sheria ya maumbile haiangalii nani amekaa peke yake. Kiungo maradufu hakigeuki, nami nimo ndani yake.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie mumeo, na wanao. Msalimie Uwineza, mwambie sina kinyongo. Mpe Valens pole, asijaribu kujibu. Wasalimie wapishi, na fundi wa vipaza sauti, na yule ng'ombe wa mahari, ambaye nasikia ndiye mwanakamati pekee asiyetuma vikaragosi. Wasalimie pia watu wa Bukoba ulikokulia, waliokufundisha Kiswahili kizuri hivi cha kunibembelezea.

Wako asiyesogea,
Mwalimu Nasiri Munyaneza

Nyongeza, saa tisa alasiri.

Nilikuwa nalamba bahasha nilipotazama dirishani. Kichupa kimeganda. Nilikipindua, hakikumwagika. Ndani yake mna fuwele, vipande vyembamba vyenye rangi ya chai hafifu, vimesimama kama majani baada ya mvua.

Ulikuwepo ukurasa mmoja, mwanangu, niliousomesha kila mwaka na asubuhi hii nimeuruka. Kiungo maradufu hakigeuki, isipokuwa. Mwanga ukiigusa punje ya iodini, iodini hukishika kiungo, mkono mmoja kati ya miwili huachia kwa muda mfupi sana, kitu chote kinazunguka, kisha iodini inajiondoa kama ilivyokuja na mikono inashikana tena. Hakuna atomi iliyopotea. Makundi makubwa yanajikuta yanatazamana, yametulia, na kilichokuwa maji kinasimama imara. Ni mwanga tu na punje moja. Punje aliileta Keza, ambaye hakunibishia hata neno. Mwanga umeingia kwa kioo cha Manzi.

Sitaichana barua hii; mwalimu hafuti kosa, analiacha lionekane. Lakini usipigilie kiti changu. Kipeleke ng'ambo, ukiweke kando ya Bibi Nyirahabimana, upande ambao sikio lake linasikia. Mafumbo yangu kumi na tisa mpe Léonce. Majibu yake nitabaki nayo.

Na umwambie apunge mikono apendavyo. Kutoka hatua nane, kiwiko chake hakinifikii.