Waifai Ndani ya Kopo la Biskuti

Jumatano, 3 Julai 2019

Nimenunua kompyuta ya mtumba! Nzito, inanguruma. Jumapili mjukuu wangu anabatizwa Norwe, na binti yangu Ligaya ameahidi kwamba nitalitamka jina la pili la mtoto kanisani, kupitia waifai. Jina ni langu: Crisanto. Kaka wa mke wangu, Bayani, jirani yetu, anajipendekeza eti atanisaidia nikikwama. Huyo huyo anayekaa ukutani na simu yake akininyonyea waifai!

Alhamisi, 4 Julai

Nimemkomesha. Kisanduku cha waifai nimekitumbukiza kwenye kopo la biskuti, nyaya nimezipitisha tunduni, nikafunika, nikaliweka nyuma ya sanamu ya Mtoto Yesu. Hapa kwetu Iloilo kopo la biskuti ni la kuwekea sindano na nyuzi. Nani atalifungua? Ila kompyuta inasema haioni mtandao. Na iko hatua tatu tu kutoka kwenye kopo! Inakuwaje?

Ijumaa, 5 Julai

Nimeizima. Nimeiwasha. Nimeigeuza itazame kopo. Nimeizaba kofi. Wapi! Nikamwita fundi Rogelio, akauliza kisanduku kiko wapi. Nikamwambia hiyo ni siri ya nyumbani. Akanitazama, akamaliza kahawa yangu, akaenda zake. Hajui kazi. Bayani analalamika hapati waifai, kalazimika kufungiwa waifai yake mwenyewe. Safi kabisa!

Jumapili, 7 Julai

Saa kumi na moja jioni kasoro. Nimevaa shati la harusi, kifungo kikang'oka. Kompyuta bado kipofu. Bayani akachungulia: "Shemeji, njoo kwangu, acha ukaidi!" Nikamjibu bora nife. Mke wangu Perpetua akaenda kuchukua sindano, akafungua kopo. Akapiga kelele: "Wewe mzee, umerukwa na akili?" Papo hapo mtandao ukaingia! Kanisa, padri, mtoto analia. Na pembeni ya skrini, Bayani, kaketi kwake na waifai yake mpya. Ligaya alinisubiri, akaona simo, akamwomba mjomba wake atamke jina badala yangu. Naye akatamka lake! Mjukuu wangu anaitwa Magnus Bayani. Nimelia, sioni haya kuandika.

Jumatatu, 8 Julai

Nimewaza tangu asubuhi, sasa nimeelewa. Waifai ilijaa koponi siku zote hizo. Perpetua alipofungua, ikamwagika yote kwa Bayani. Kosa ni la Perpetua. Ligaya anasema atazaa tena. Nimeshaagiza kopo kubwa zaidi, lenye kufuli.