Mtoto Amesema Nini?

Tangazo lilibandikwa mchana kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na kabla birika la kahawa halijachemka habari yake ilikwishafika kwenye benchi la Gundi, fundi viatu. Kila mtoto aliyepitia magumu apate mtu mzima mmoja wa kumsikiliza. Fomu zirudishwe kabla ya saa kumi. Ambaye fomu yake ni tupu atahamishiwa kituo cha watoto, mjini.

Gundi aliisoma fomu yake mara tatu. Swali lilikuwa moja tu: "Mtoto amesema nini?" Mpwa wake wa miaka minane, aliyekaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakuwa ametamka neno tangu wamzike mama yake, miezi minne sasa.

"Niachieni mimi," alisema Spika, kinyozi ambaye wateja wake hutoka wamenyolewa nusu na kuhubiriwa mara mbili. "Kusikiliza ni kipaji. Juzi nilimsikiliza mbuzi."

"Akasemaje?"

"Sikumpa nafasi."

"Kusikiliza kuna kanuni," akadakia Mwalimu Chaki, mstaafu. "Ya kwanza, msikilizaji hafungui mdomo. Ya pili, sikio la kulia hutangulia. Ya tatu hadi ya kumi na saba..."

"Mwalimu, saa nane hii!" Gundi akalalamika, nyundo mkononi. "Wataniondolea mtoto!"

"Tulia, ndugu yangu. Mtoto hufunguka akiona mmefanana." Huyo alikuwa Dokta Spoku, fundi baiskeli. Akamgeukia msichana. "Binti, hata mimi nimeteseka. Shangazi aliyenilea alificha sukari ndani ya buti la marehemu mumewe. Mpaka leo nikiona buti, udenda unanitoka."

"Hayo nayo ni mateso?" Spika akang'aka. "Sisi tulikuwa kumi na mmoja, blanketi moja! Tulijifunika kwa zamu. Yangu ilikuwa Alhamisi."

"Wewe ulikuwa na Alhamisi!" Mwalimu Chaki akavua miwani, macho yamemlowa. "Mimi nilitembea kilomita ishirini kwenda shule, na shule yenyewe ilikuwa haijajengwa!"

Ikafika saa tisa na nusu, wote watatu wanalia na kusukumana. Gundi naye akafungua mdomo aanze habari za baba yake.

"Nyamazeni!"

Benchi zima likaigeukia ndoo.

"Amesema!" Spika akaruka. "Andika, Gundi! Mimi ndiye niliyemfungua!"

"Wewe? Ni buti langu!"

"Shule yangu!"

"Nimesema nyamazeni!"

Gundi akaandika: *Amesema tunyamaze. Mara mbili.* Akamtupia Spika fomu akimbie nayo ofisini. Mwalimu alionyeshwa njia kwa nyundo. Dokta Spoku aliondoka bila kuambiwa, akinyata kama mwizi wa kuku.

Msichana akaisogeza ndoo yake karibu.

"Mjomba."

Gundi alikuwa na majibu kumi tayari. Akachukua misumari mitatu, akaibana midomoni kama afanyavyo anapopigilia soli, akaitikia kwa kichwa.