Nani Amesema Seva Itajaa?

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewakomesha! Duka letu la nguo mtandaoni linafunguka kufumba na kufumbua. Siri yangu ni kache: gauni likitazamwa mara moja tu, picha yake naibakiza kwenye kumbukumbu ya seva, kompyuta inayoendesha duka, haifuatwi tena stoo. Bosi amesema Ijumaa atamteua kiongozi wa timu. Akanitazama mimi! Jirani yangu wa meza, ambaye nimembandika jina la Breki kwa kupenda kuzuia watu, akauliza kache hiyo ina kikomo gani. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Seva imezimika mchana. Kumbukumbu imejaa pomoni. Nimeiwasha upya kimyakimya, nikamwambia bosi ni umeme. Akauliza mbona taa zinawaka. Nikakohoa.

Breki ameshauri kache ikijaa, picha iliyokaa muda mrefu bila kutazamwa itolewe. Itolewe! Picha nilizozihangaikia mwenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Haya, nimeweka kikomo, yaishe. Picha elfu moja, basi. Nikajipongeza kwa soda. Sijafika nusu ya chupa, seva chali! Kumbe mpiga picha wetu hupiga kila gauni kwa ukubwa wa bango la barabarani. Nilihesabu picha, sikupima uzito. Kosa la mpiga picha, bila shaka.

Nyumbani mke wangu akauliza mbona nimenuna. Nikamwambia nimezungukwa na watu wasiojua kazi. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikupenda.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kikomo cha uzito! Nikaandika mia tano, nikimaanisha megabaiti. Seva ikaelewa baiti, ndogo mara milioni. Humo haiingii hata picha ya kifungo. Duka likatambaa asubuhi nzima, wateja wakampigia bosi kuuliza kama tumefunga biashara. Nililowa jasho. Breki akasogeza kiti, akarekebisha mstari mmoja, akasema bosi hana haja ya kujua. Nilitamani kumkumbatia. Nikajizuia.

Ijumaa, 7 Machi

Cheo amepewa Breki. Nimempa mkono na kutabasamu, lakini imeniuma, sifichi. Seva inapumua vizuri. Ikijaa, inatoa picha zilizosahauliwa. Nimekaa nikizitazama zikitupwa, gauni baada ya gauni, nikashindwa kuvumilia. Breki alipoondoka tu, nikajenga kache ya pili, ya kupokea kila kinachotupwa na ya kwanza. Hiyo haina kikomo.

Jumatatu atanitambua!