Mchicha Msafi Kupita Kiasi

Jumatatu, 3 Juni
Yule binti mpimaji wa mboga kaja tena sokoni na kile kifaa chake, kihisi cha kibayolojia. Sisi tunakiita Pua. Anasugua jani kwenye maji, anatonesha yale maji juu ya kijikaratasi chenye kimeng'enya. Jani likiwa safi, karatasi inageuka buluu. Likiwa na dawa ya wadudu, inabaki nyeupe. Mchicha wangu? Buluu papo hapo! Akasema safi, hongera, huyoo akaenda zake. Hata jina hakuniuliza.

Kisha kakaa asubuhi nzima kwa jirani yangu, muuza nyanya, kwa kuwa nyanya zake zimefeli. Anamweleza asubiri muda gani baada ya kupulizia dawa ndipo achume. Wakacheka! Wanacheka nini? Nyanya zina sumu!

Jumanne, 4 Juni
Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Kosa ni la dada yangu. Bustani ni yake na hapulizii dawa, anatumia majivu tu. Siku zote nilijigamba kwa majivu hayo. Sasa yananinyima mke.

Uamuzi: lazima nifeli. Fungu moja tu la pembeni, lisilouzwa, nitalipulizia dawa ya mbu. Mimi si muuaji.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Nilimsogezea fungu lenye dawa. Akasema mwenye meza hachagui sampuli, akachomoa la chini kabisa. Buluu. Huyoo.

Nikabaki namtazama mgongo mpaka akapotea kwenye kona ya machinjio. Kumbe dada kapita mezani, kabeba lile fungu lenye dawa nyumbani! Nimelikuta jikoni linachemka. Nikapindua sufuria. Dada kauliza kama nina akili timamu. Tumelala na njaa, na watoto wake hawasemi nami.

Alhamisi, 6 Juni
Leo nimejifanya napanga mafungu, kumbe nimetega sikio kwa jirani. Mpimaji alikuwa akimwambia kwamba kimeng'enya ni kitu dhaifu. Sumu hukizima, lakini hata vitu vichachu hukiharibu, ndiyo maana malimau hayapimwi hivihivi.

Malimau! Hana habari anavyolitamka vizuri neno hilo. Nimenunua kikapu kizima.

Ijumaa, 7 Juni
Nyeupe! Nimefeli! Kakaa juu ya kreti yangu, karudia kupima, nyeupe tena. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa sabuni ya mikono yake. Nikaomba arudie mara ya tatu.

Ndipo akanitazama, uso umemshuka. Akasema, kaka, mimi kila semina naitaja meza yako kama mfano.

Kila semina! Kumbe nilikuwa natajwa huko nisikokuwepo, na kinywa chenyewe ni kile! Nami nimekimwagia limau. Nilitaka kulia pale pale. Kafunga meza kwa utepe na kupeleka sampuli maabara kuu. Jirani kaja kunipa pole, meno yote nje.

Jumatatu, 10 Juni
Majibu yametoka: hakuna dawa, ni limau. Mpimaji kauliza kwa nini. Nikasema eti mchicha ubaki mbichi. Uongo wa mtoto wa chekechea. Katabasamu kidogo, kaondoa utepe, akasema na yeye amekuja kuaga. Amehamishiwa kitengo cha maji, atapima visima na matangi.

Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia: usiende. Nikasema karibu tena.

Soko zima linanuka vitunguu, na mimi nazunguka natafuta harufu ya sabuni. Nina hamu naye. Aliyechukua nafasi yake ana ndevu.

Jumanne, 11 Juni
Nimeapa kuacha upuuzi. Mtu mzima mimi! Nimemwomba dada msamaha, kafurahi, kaniongezea chakula.

Baada ya kula nimepiga simu kitengo cha maji kulalamikia tangi la mwenye nyumba wetu. Wakauliza maji yana nini. Kutu, nikasema, kutu mbaya sana. Wanamtuma yeye, Alhamisi!

Tangi ni la plastiki. Natoka kutafuta misumari yenye kutu.