Mama wa Maiti

Jumatatu, 4 Februari 1985

Watu wa tamthilia ya polisi wamefika mtaani kwetu, hapa Hialeah, kando ya Miami. Ni ile ya wapelelezi wanaokimbiza wahalifu kwa suti nyeupe na hawapati hata doa. Wanatafuta nyumba ya muuza unga. Wakaipita yangu. Wakachagua ya Migdalia, ng'ambo ya barabara! Wameipaka rangi ya waridi, bure. Tangu asubuhi anafagia kibaraza kisafi ili wapitao wamwone. Nikamwambia nyumba imependeza, kama keki. Akanijibu nisikate tamaa, huenda siku moja watahitaji nyumba ya mtu aliyeibiwa.

Nimecheka. Nimeumia.

Lakini shida yangu hasa ni Osmel, mwanangu. Jumapili anahamia New Jersey kwa mjomba wake, kwenye kiwanda cha magodoro. Huko kuna theluji. Kifua chake nakijua mimi. Mtu mzima ana ndevu, lakini kifua bado kichanga. Nimewaza na kuwazua: aliyeonekana kwenye televisheni hawezi kuiacha Miami akashone magodoro. Lazima aingie kwenye tamthilia hii.

Jumanne, 5 Februari

Mungu mkubwa! Amenigongea msaidizi wa mwongozaji, dada mmoja wa miwani ya jua anaitwa Robyn. Kihispania chetu alijifunza shuleni, anatamka kama anatafuna karanga. Kasema kwao nyekundu ni marufuku. Mwongozaji akiiona anaumwa kichwa. Na Mtakatifu Barbara wangu, ile sanamu pale mbele ya nyumba kwenye kibanda chake cha kioo, amevaa joho jekundu kama kawaida yake. Anaingia kwenye picha. Eti nimfunike.

Kumfunika Mtakatifu Barbara! Mwenye radi zake! Nikasema haiwezekani. Halafu nikasema inawezekana, ila nina kijana mzuri sana. Robyn akafikiri. Nafasi iliyobaki, akasema, ni ya maiti.

Nimekubali. Nimemfunika mtakatifu kwa shuka la buluu huku namwomba radhi. Nimemwahidi kumfumia Osmel kitu chekundu akivae, asije akadhani tumemkana.

Osmel kanitazama. "Mami, mimi ni fundi vigae."

Nimemwambia umaiti hausomewi.

Alhamisi, 7 Februari

Aibu. Aibu tupu.

Asubuhi kulikuwa na baridi, majani yana umande. Osmel kanywa kahawa yangu ya moto, na papo hapo wakamlaza peku kwenye majani! Nani asiyejua kuwa moto na baridi havikutanishwi mwilini? Shangazi yangu Obdulia alipiga pasi, akafungua friji, mdomo ukahamia sikioni na haukurudi. Niliwaeleza. Hakuna aliyesikia. Wapelelezi walikuwa wanachanwa nywele.

Nikavumilia mpaka wakaanza kupiga picha. Ndipo nikaona vidole vya miguu vya mwanangu vimekuwa vya buluu. Kumbe walivipaka rangi wenyewe. Ningejuaje? Nikaruka kamba, nikapiga magoti, nikaanza kumvisha soksi nilizofuma. Nyekundu. Mpelelezi analia kwa uchungu juu ya maiti, mimi navuta soksi ya pili.

Mwongozaji akauliza huyu mwanamke ni nani. Robyn akanitafsiria.

"Mimi ni mama wa maiti," nikasema.

Maiti akacheka.

Wamemfukuza. Nafasi yake kapewa Nivaldo, mume wa Migdalia, ambaye kulala bila kusogea ndiyo kazi yake tangu nimjue. Jioni Migdalia kaniletea keki ya mapera kunifariji. Tamu sana. Nimekula nikilia.

Ijumaa, 8 Februari

Mtakatifu kanisamehe! Kumbe Osmel alipokuwa anasubiri kuuawa alichoka kukaa bure, akawarudishia vigae vilivyobanduka kando ya bwawa la Migdalia. Leo Robyn kaja kumwajiri awe fundi wao. Kazi ya kudumu. Haendi tena kwa mjomba! Nimemvua mtakatifu shuka, nimemwekea tufaha jekundu. Kisha nikavuka barabara kumweleza Migdalia, polepole, nisije nikasahau kitu. Akanipongeza. Alikuwa kauma meno.

Jumamosi, 9 Februari

Nimemkuta Osmel anapanga begi. Nikamuuliza begi la nini. Kasema kipindi kijacho muuza unga anatorokea kaskazini, na wapelelezi wanamfuata. Wanaondoka kesho. Kaskazini wapi? New Jersey. Kupiga picha nje, kwenye theluji.

Nje! Kwa mjomba angalau angekuwa ndani, katikati ya magodoro.

Nimekaa chini. Nimekunywa kahawa. Akili ikarudi. Nikamuuliza kama huko kuna maiti. Kasema wawili, wamezikwa nusu kwenye theluji. Na mama zao je? Hakuna aliyewaandika kwenye hadithi.

Basi hapo ndipo walipopotea. Kila maiti ana mama. Nimekwenda kumweleza Robyn. Bado hajajibu, kwa sababu aliponiona aliingia kwenye gari akajifungia, maskini, kazi nyingi. Nitamweleza vizuri njiani. Sanduku langu liko mlangoni.

Nimelifikiria sana lile la Alhamisi. Kosa lilikuwa rangi tu. Safari hii nafuma soksi za waridi.