Darga Gombosuren Azindua Kliniki ya Migongo

Mheshimiwa Naibu wa Naibu Gavana, uliyewakilishwa na dereva wako, waheshimiwa wazee wenye nishani za ufugaji bora, mabingwa wa mieleka, mnaopigana na mliostaafu, ndugu wafugaji, na mimi mwenyewe, Gombosuren, Darga, yaani mkuu, wa wilaya hii, ambaye watu wa itifaki wamenisahau. (Makofi. Mbwa anabweka.)

Nasimama mbele yenu, nikiwa nimeegemea meza kwa sababu za kiitifaki tu, kuzindua kliniki ya kisasa itakayoshughulikia, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, suala mtambuka la brusela, maradhi yanayofanya kondoo watupe mimba, na mfugaji aliyewazalisha aloe jasho usiku, na yakipuuzwa yakaingia kwenye pingili za uti wa mgongo, mtu mzima anatambaa kwenda chooni. (Mama Tserendulam, aliyelazwa kwenye mkokoteni wa ngamia: "Huyo mtu mzima ni mimi, Darga. Daktari yuko wapi?")

Mama yangu, daktari yumo kwenye mchakato. Takwimu zinaonyesha kwamba chini ya uongozi wangu mahiri, asilimia mia moja na nne ya kondoo wamechanjwa. ("Wangu hawajaiona sindano." Vicheko.) Wako, mama, watakuwa walikuwa malishoni.

Wapo wanaodai sijui taabu za mfugaji. Jamani, kalenda ya wilaya yenye picha zangu hamuioni? Kila msimu wa kuzaa nakunja mikono ya joho hili hili la hariri, namvuta mwanakondoo kwa mikono mitupu, maana glavu hazipendezi pichani. (Makofi. Daktari wa mifugo anajishika kichwa.) Hamjui kwamba tangu picha ya mwisho napata homa kila jioni, na mgongo huu... (Anajishika kiuno.) Mgongo huu umebeba maendeleo yenu.

Sasa nakata utepe. Mgongo wa mfugaji! (Umati: "Wima!") Mgongo wa mfugaji! ("Wima!") (Darga anainama na mkasi. Hainuki.)

Nawashukuru... kwa kunisikiliza. Nipelekeni kliniki. (Mfugaji mmoja: "Ipi, Darga? Nyuma ya utepe ni nyika tupu.") Najua ni nyika, ripoti si niliandika mimi? Leteni gari la wagonjwa. Basi, acheni, hilo nalo niliandika mimi. Mama Tserendulam, mama yangu, mkokoteni wako unafika hospitali ya jimbo?

("Utafika tu, maana hapa sijaona wa kunitibu. Panda, mwanangu, nasogea upate nafasi. Ila njiani usihutubie.")