Kibla Naijua Sana

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi Muharami amekwenda msibani Fukayosi, atarudi Alhamisi. Ametuachia sisi wasaidizi wake wawili choo cha Mzee Darwesh, mwenye duka la vitambaa hapa Bagamoyo. Atakayefanya vizuri atakabidhiwa mwiko wa kujengea kwenye kazi ijayo, Vigwaza. Mwiko! Mwaka wa nne huu tangu nitoke Kasulu, nabeba ndoo tu. Mgongo unalia kama mlango wa zizi.

Akatuonya tuzingatie kibla, maana mzee ameshika dini. Akauliza kama tunaijua. Nikajibu naijua sana. Kusema kweli sijui hata kama inaliwa. Kijijini kwetu tuna kanisa na mnada, basi. Shule niliishia darasa la sita, na nilichojifunza ni kwamba anayeuliza ndiye anayechekwa.

Mwenzangu Ridhiwani aliuliza maswali matatu papo hapo. Bomba lilazwe kiasi gani? Mchanga karai ngapi? Aibu! Nikawahi kuchukua kazi ya kulaza sinki la kuchuchumalia. Yeye nimempa shimo la nyuma achimbe.

Jumanne, 9 Septemba

Upelelezi. Nimekwenda kwa Dija, muuza vitumbua. Sikumwuliza kibla ni nini, mimi si mjinga. Nilimwuliza, kama mtu anayejua, siku hizi iko upande gani.

Dija alicheka mpaka kijiko kikazama kwenye mafuta. Akasema iko palepale tangu dunia iumbwe, kaka'ngu, ndiko wanakoelekea Waislamu wakisali. Akanyoosha mkono kaskazini, juu ya paa la duka la simu.

Nimeelewa! Ni upande mtukufu. Basi na choo kiuheshimu. Kiuelekee.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefunga uzi kutoka chooni, kupitia dirishani, hadi kwenye lile paa. Sinki nimelilaza juu ya uzi sawasawa. Kazi safi!

Ridhiwani alipita na karai la udongo, akasimama. Akaniuliza taratibu kama nina hakika na upande huo. Nikamwambia mchimba shimo atazame shimo. Akasema haya, bwana fundi. Ameniita fundi! Hata wivu una adabu zake.

Saruji imeshika. Halitoki hilo.

Alhamisi, 11 Septemba

Fundi karudi. Mzee Darwesh akaja kukagua pamoja na mkewe, Bi Khairiya. Nikawaamkia shikamoo, nikatangulia ndani, nikachuchumaa mwenyewe kuwaonyesha. Nikasema: Mzee, ukikaa hapa umeelekea kibla barabara, hata unywele haupishani.

Bi Khairiya akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Sijui alilia au alicheka. Mzee akavuta astaghafirullah ndefu kama treni ya Kigoma. Akaniuliza kama nimemjengea pa kusalia au pa kujisaidia.

Kumbe watu hawa hawajisaidii wakielekea kibla! Wala hawaipi mgongo. Choo hukaa ubavu. Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia?

Fundi aliniuliza kwa nini sikuuliza. Nikasema nilikuwa katika hatua ya uhakiki. Neno hilo nililisikia redioni.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi nzima nimevunja choo changu kwa nyundo. Ridhiwani kakijenga upya, kwa ubavu, huku akimwuliza fundi kila tofali. Mwiko kapewa yeye. Mimi ndoo. Tena ndoo zake! Bi Khairiya kaniletea chai na mkate wa kumimina, akaniomba nisiuelekeze popote, niule tu.

Fundi anasema neno "sijui" halijawahi kuvunja sinki. Kweli. Naapa: kuanzia leo nisilolijua nitasema silijui.

Jumamosi, 13 Septemba

Vigwaza. Kazi yenyewe ni msikiti mdogo. Fundi akauliza nani anajua kujenga mihrabu. Ridhiwani, na mwiko wake mkononi, akasema kila Ijumaa anaiona mbele yake akisali, imamu kasimama humo, ila kuijenga hajui, afundishwe.

Hajui! Mwiko ukaniita kwa jina, Majaliwa, Majaliwa. Nikasema naijua sana, kwetu Kasulu nimejenga sita.

Fundi akauliza basi tuiweke ukuta upi.

Hapo nikajibu haraka, kabla Ridhiwani hajadakia: wowote ule, fundi, mradi usiwe wa kibla. Mimi kosa silirudii.

Fundi kaketi juu ya ndoo yangu, kashika kichwa. Nadhani safari hii nimewaweza.